Kichwa cha Kubebea Kamera

Niliipaka helmeti polishi. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kwetu watalisema hata nikinyamaza, na wao huwa wanaongeza chumvi. Mdogo wangu wa kike aliniletea helmeti yake ya kazini, ya rangi ya chungwa, akaniomba niibandikie kamera. Nikaitazama, nikaona imefubaa kwa jua na maji ya bahari, nikaingiwa na aibu. Kitu cha mdogo wangu kitoke mikononi mwangu kikiwa hivi? Nikachukua ile polishi ya kupuliza ambayo vijana wa bodaboda wanang'arishia matangi yao, nikaipuliza helmeti nzima, nikaisugua na fulana mbovu mpaka ikawa inawaka kama bakuli la wageni. Halafu juu ya mng'ao huohuo nikabandika kile kitako chenye gundi ambacho kamera inakalia.

Karatasi ya maelezo ilisema, kwa Kiingereza cha kueleweka kabisa, kwamba mahali pa kubandika pawe pasafi, pakavu, pasiwe na mafuta. Kidato cha nne nimemaliza, na Kiingereza cha kwenye maboksi hakinishindi. Niliyasoma yale maelezo. Nikadhani yanawahusu wachafu.

Kazi yangu mie ni ya kukaa. Nina kibanda hapa Chamazi, kimeegemea ukuta wa sebule ya mama, na nilikitobolea mlango kwa ndani ili nisipate tabu ya kuzunguka. Nawaingizia watu nyimbo na muvi kwenye flashi, nabadilisha vioo vya simu, nachaji betri. Zinapita siku sijavuka geti, na siku hizo huwa nimelala vizuri sana. Mama anasema mie ni kama friji: kunihamisha lazima waitwe watu, na tukifika kuna kitu kimevunjika.

Mdogo wangu ni kinyume changu. Huyo alijifunza kutembea akielekea getini. Alipomaliza shule alizunguka huku na kule, mwisho akapata kibarua Kigamboni kwa jamaa wanaokodisha kayaki, ile mitumbwi myembamba ya plastiki ambayo unakaa umenyoosha miguu na kupiga kasia lenye mabapa mawili, moja huku, moja huku. Maji yakijaa wanawapeleka wageni ndani ya mikoko, kwenye vijia vya maji ambavyo matawi yake yako chini kiasi cha kumpasua mtu paji la uso. Ndiyo maana ya helmeti. Yeye alikuwa wa kubeba makasia na kusuuza majaketi okozi. Sasa jamaa wakamwambia wamemwona anaweza, wanataka awe anaongoza wageni mwenyewe. Wakampa mpaka Ijumaa moja awape jibu.

Siku aliyoambiwa hivyo alirudi nyumbani akaosha vyombo bila kutumwa. Mama akanong'ona, "Huyu ana jambo."

Jambo lenyewe lilikuwa radhi. Kwetu kazi haianzwi hivihivi. Mama anakukalisha kwenye mkeka, anakuchomea ubani kwenye chetezo, anakushika kichwa na kukusomea, ndo unatoka. Hata kibanda changu, ambacho safari yake ni hatua za kuhesabika, kilisomewa. Mdogo wangu ni mtu mzima, ana kitambulisho chake, angeweza kwenda kuanza kazi na dunia isingesimama. Lakini asingekwenda. Nilimjua. Angekaa hapa anaosha vyombo mpaka vingechakaa.

Na mama alikataa.

"Bahari naijua," alisema, "nimezaliwa ufukweni. Ndo maana nikaolewa Chamazi."

"Mama, si bahari kuu. Ni ndani ya mikoko, maji yametulia kabisa."

"Aliyekwambia maji yanatulia nani? Yanakusubiri tu."

Mdogo wangu hakubishana. Alinifuata kibandani, akakaa juu ya stuli ya wateja. "Kaka," akasema, "nikimwelezea anasikia ya kwake. Akiona kwa macho ataelewa. Wewe si ndo mtu wa video?"

Mtu wa video! Mie ninayehamisha muvi za watu kutoka flashi hii kwenda ile. Lakini ukiitwa hivyo na mdogo wako, tena akiwa amekaa mikono katikati ya magoti kama mtu anayesubiri daktari, unakuwa mtu wa video papo hapo.

Tukaanza kuchagua. Kuna muuzaji wa vitu vilivyokwishatumika ambaye huwa ananiletea vioo vya simu. Akanitumia picha za kamera tatu. Moja ilikuwa ndefu kama tochi. Ya pili ilikuwa na kioo kikubwa nyuma, na mie niliipenda hiyo, kwa sababu mie nikiona kioo kikubwa napoteza akili. Ya tatu ilikuwa kijiboksi cha mraba, kidogo kama kiberiti kilichoshiba, ndani ya kasha lake la kuzuia maji.

"Ile ya kioo kikubwa," nikasema.

"Kaka, nani atakiangalia hicho kioo wakati kipo juu ya utosi wangu?"

Nikahamia kwenye tochi. Yeye akasema itanasa kwenye matawi, na kwamba mpiga kasia anageuza kichwa kutwa, kitu kizito kitamng'oa shingo. Nikamwambia uzito ni jambo la kupimwa, si la kubishaniwa. Nikachukua kiazi mviringo jikoni, nikakifunga juu ya kofia yake na mpira wa baiskeli, nikamwambia ageuke kulia na kushoto. Kiazi kikubwa kilimwangushia kofia machoni. Kiazi kidogo kikakaa.

Hapo ndipo jirani yetu alipopitisha kichwa getini. Huyu ni mama mmoja wa Kusini, anakaanga samaki nje ya nyumba yake inayotazamana na yetu, na hajawahi katika maisha yake kulifikiria neno mara mbili kabla ya kulitoa. Alimwangalia mdogo wangu na kiazi chake, akaniangalia mie.

"Jikoni kwenu pamejaa?" akauliza, akaenda zake.

Tukanunua kijiboksi. Kililetwa na bodaboda, kimefungwa kwenye gazeti, kasha lina mikwaruzo lakini jicho la kamera ni zima. Nikafanya kazi yangu ya polishi. Mdogo wangu akaipokea helmeti inavyometameta, akacheka, akaniambia asante kaka. Kisha, bila kunieleza, akachukua kipande cha mshipi wa kuvulia, akaifunga kamera kwenye mkanda wa helmeti. Watu wa majini wana tabia hiyo, kila kitu wanakifunga. Nilimwona kama ananidharau kidogo.

Ule mshipi ndio uliookoa kamera, maana gundi haikufika popote.

Filamu ya kwanza tuliitazama alasiri, sebuleni, mama amekaa kwenye mkeka. Jirani naye alikuwepo. Alikuja kurudisha sufuria, akaona televisheni inawashwa, sufuria ikakaa miguuni pake. Ikaanza vizuri. Mchanga, ncha ya kayaki ya njano, sauti ya mdogo wangu ikisema, "Haya, bismillahi, tunaingia." Mama akasogea mbele. Mikoko ikaanza kuja, mizizi yake imesimama majini kama vidole. Mara picha ikayumba, ikaonyesha mbingu, ikaonyesha sikio, kisha dunia nzima ikapinduka. Kamera ilikuwa imebanduka, ikawa inaning'inia begani kwa mshipi. Kuanzia hapo tukatazama maji yakipita juu na mawingu chini, jaketi likigonga jicho la kamera, na pumzi za mtu, haa, haa, haa, kama za mtu anayefukuzwa.

Mama akashika kifua. "Yuko wapi? Mwanangu yuko wapi? Amezama?"

"Mama," mdogo wangu akasema, amekaa ubavuni pake, bega kwa bega, "mie nipo hapa."

"Nyamaza," mama akamjibu bila kutoa macho kwenye televisheni, "nakutafuta."

Jirani akaanza kusoma dua. Mie nikazima.

Mama akainuka, akakung'uta kanga yake. "Nimeona," akasema. "Nilikuwa nasema sitaki bila kuona. Sasa nimeona." Akaenda kuchambua mchele.

Ilikuwa mwanzoni mwa wiki. Mdogo wangu akaokota helmeti, akapitisha kidole pale kitako kilipokuwa, akanusa. "Kaka," akasema polepole, "ulipaka nini?"

Sijawahi kuulizwa swali la upole lililoniuma namna ile.

Kesho yake sikufungua kibanda. Nilikwangua gundi, nikaosha helmeti kwa sabuni ya unga, nikaifuta na spiriti ninayosafishia vioo, nikaianika kivulini. Safari hii sikuitegemea gundi peke yake. Helmeti za majini zina matundu juu ya kupitishia hewa, basi nikapitisha humo vile vikanda vya plastiki vya kufungia nyaya, nikavikaza mpaka vikalia. Mshipi nikauacha, tena nikalikagua fundo lake kwa heshima.

Kisha ikaja habari ya jicho litazame wapi. Mie nilidhani unaisimamisha kamera wima na mambo yamekwisha. Lakini mdogo wangu akaniambia mpiga kasia haketi kama mtu aliye kanisani au msikitini. Anaegemea nyuma kidogo, kidevu kinapanda, na kamera inafuata kidevu. Nikavaa helmeti, nikageuza ndoo juu chini katikati ya uwanja, nikaikalia, nikanyoosha miguu, nikachukua ufagio wa mti mrefu nikawa napiga kasia. Simu yangu niliiweka dirishani, inaonyesha kile kamera inachokiona. Mwanzo ilionyesha mawingu na shuka ya mama kwenye kamba. Nikainamisha jicho. Ikaonyesha mapaja yangu, picha ambayo haina soko. Nikainua kidogo tena, nikapiga kasia, nikainua, nikapiga kasia.

"Baba, safari ya wapi?" Ilikuwa sauti ya jirani kutoka getini.

"Shikamoo mama. Nafanya majaribio."

"Marahaba. Ukifika utusalimie."

Mchana nikalipata. Jicho lilikuwa limeinama kiasi cha mtu anayetafuta sindano mbele yake, si miguuni. Mdogo wangu akaondoka nayo, na filamu ya pili ilikuwa ya kujivunia. Nasema bila haya. Maji yalinyooka, mikoko ikafunguka mbele kama pazia, kasia likaingia na kutoka pande zote mbili za picha, tone kwa tone. Ndege mweupe akaruka kutoka kwenye mzizi, na kamera ikamfuata, kwa sababu mdogo wangu alimfuata. Nilimwita mama nikiwa tayari nimeshajipongeza.

Mama alitazama mpaka mwisho. Akanywa maji.

"Nzuri," akasema. "Mwanangu yuko wapi?"

"Ndo yeye huyo, mama. Kamera ipo kichwani kwake."

"Simuoni."

"Huwezi kumwona. Hicho ndicho anachokiona yeye."

"Anachokiona yeye nikifanyie nini?" Mama akanigeukia, na haikuwa hasira. "Mie nimetaka mikoko? Mikoko nimekulia ndani yake. Nataka nimwone yeye. Kavaa nini, kakaa vipi, sura yake ikoje akiwa kule. Umewahi kuona mkanda wa harusi, bibi harusi haonekani?"

Jirani, ambaye safari hii hakuwa na sufuria ya kusingizia, akadakia: "Hata mkono wenye pete haupo."

Nikamwangalia mdogo wangu, naye akaniangalia. Kumbe siku zote tulibishana kamera ipi, gundi ipi, jicho litazame wapi, na hakuna aliyeuliza kichwa cha nani. Ili mama amwone mwanawe, helmeti ilibidi iwe kwenye kichwa kingine. Kichwa kilicho nyuma yake, majini.

"Atafutwe mtu," nikasema.

Wote watatu walikuwa wananitazama.

Alhamisi, ikiwa imebaki siku moja jamaa wapewe jibu lao, nilitoka Chamazi kwa bodaboda, nikapita Kongowe nikiwa nimefumba macho, nikafika Kigamboni. Mama alikuwa amenifungia maandazi kana kwamba nahamia. Jamaa walitupa kayaki ya watu wawili kwa vile siku hiyo hawakuwa na wageni. Mdogo wangu akanivalisha jaketi okozi, akavuta mikanda, akanigonga kifuani mara mbili kama anavyowafanyia wageni wake. Akanivalisha helmeti. Kamera ilikuwa imara kama jino.

Kulikuwa na tatizo dogo ambalo nililielewa tukiwa tumeshaingia. Kwenye kayaki ya watu wawili, anayejua hukaa nyuma, kwa sababu nyuma ndipo pa kuielekeza. Lakini mwenye kamera lazima awe nyuma ili mwenye kuonyeshwa awe mbele. Basi yeye anayejua akakaa mbele, na mie, friji, nikapewa usukani.

Sitaeleza yote. Tulikwenda kushoto nilipotaka kulia. Tulizunguka kama kifaranga aliyekanyagwa. Yeye mbele alikuwa anarekebisha kwa kasia lake kimyakimya, na nikadhani naanza kuweza. Tukaingia kwenye kijia cha mikoko, jua likakatika, maji yakawa meusi, na kitu kikanigusa mguu. Ulikuwa mkanda wangu mwenyewe. Lakini mie nilijua ni kitu kingine, nikaruka, kayaki ikalala ubavu, tukavamia mizizi, tawi likanipiga helmeti ko! na nikalia. Nasema nikalia. Nilimwita mama kwa sauti ambayo sikuwa nayo tangu darasa la tatu.

Mdogo wangu akageuka. Aliweka kasia juu ya magoti, akashika mzizi kwa mkono mmoja kayaki ikatulia, na mkono mwingine akauweka juu ya goti langu.

"Kaka, niangalie mimi. Usiangalie maji. Niangalie mimi hapa."

Nikamwangalia.

"Pumua. Tena. Haya, kasia lako lilaze juu ya maji, hivyo hivyo, kama kiganja. Unaona? Hatuendi popote. Tupo tu. Ukiwa tayari utaniambia, hatuna haraka."

Mie niliyemfundisha kufunga kamba za viatu nikakaa pale nikipumua kwa amri yake. Alikuwa na jasho puani, mtandio ameukunja vizuri chini ya helmeti ya akiba, na uso wake ulikuwa na utulivu ambao nyumbani sijawahi kuuona, labda kwa sababu nyumbani hatujampa cha kutuliza. Baada ya muda nikamwambia niko tayari. Akatusukuma kutoka kwenye mizizi kwa kasia, akaanza kuimba taratibu ili nipate mwendo wa kupiga. Tukatoka tukiwa tumenyooka.

Jioni ile nikaifungua ile filamu kibandani peke yangu, nikafunga mlango. Kilio changu kilisikika vizuri kupita kiasi. Kukata sauti najua, hiyo ndiyo kazi yangu. Nikaweka kidole tayari. Nikasikiliza tena nijue pa kukatia. Tatizo likawa pale pale ninapolia ndipo yeye anapoanza kusema. Sauti zetu zimelaliana. Ukikata "mama weee" yangu, unakata na "niangalie mimi" yake. Nilijaribu kupunguza huku na kuongeza kule, ikawa kama redio iliyoanguka kisimani. Na nikiondoa kipande chote, anabaki msichana mbele ya kayaki anapiga kasia siku nzuri, jambo ambalo hata picha ya kalenda inaweza kulifanya.

Nikaiacha kama ilivyo. Nilikwenda kulala nikiwa nimeshajizika.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana tukakaa. Mama mkekani, mdogo wangu kwenye kona ameshika simu yake kwa mikono miwili maana jamaa walikuwa wanasubiri, jirani mlangoni na mikono yake yenye unga wa kukaangia samaki. Mie nilisimama nyuma, karibu na njia ya kutorokea.

Mgongo wa mdogo wangu ulipotokea, mama akasema, "Aah," kama mtu aliyepewa kiti. Akamtazama alivyokaa. Akauliza jaketi limefungwa vizuri, mdogo wangu akasema limefungwa. Sehemu yangu ilipofika jirani alicheka mpaka akashika mlango. Mama hakucheka.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Nikalia tena mbele ya hadhara. Mdogo wangu akageuka tena, mkono juu ya goti langu. Niangalie mimi.

"Rudisha pale anapogeuka."

Nikarudisha mpaka nikazoea kilio changu. Mama alikuwa anautazama ule uso kama anayejaribu kukumbuka kamwona wapi mtu huyu. Mwisho akavuta pumzi, akajitanda kanga, akamwambia mdogo wangu bila kumwangalia, "Kalete chetezo. Na makaa yawe mekundu, usiniletee moshi wa mkaa mbichi."

Mdogo wangu alisimama, akakaa, akasimama tena, akaenda mbio uani, nikasikia mfuniko wa jiko ukianguka. Mama akajifuta macho kwa pindo la kanga na kunikaripia kwamba televisheni inakula umeme. Jirani akamtazama mama, kisha akanigeukia mie, akanipima kutoka utosini mpaka miguuni, akasema:

"Dada, huyo wa kike mwache aende zake. Wa kumfungia geti ni huyu mwenye ndevu."